Nyumba Tupu Haimngoji Mwenyewe

Mtu anunuaye mbuzi sokoni hasemi, "Nitamlisha siku nitakapopata nafasi." Siku ile ile humfunga kamba, humtafutia majani na maji, na usiku humfungia mlango. Lakini mtu huyo huyo akinunua nyumba, aweza kuifunga kwa kufuli moja, kutia ufunguo mfukoni na kwenda zake miezi sita au minane, akiamini kwamba ataikuta kama alivyoiacha. Mbuzi akiona njaa hulia. Nyumba hailii. Huharibika kimya kimya, na siku mwenyewe arudipo ndipo imwonyeshapo hesabu yote kwa mara moja.

Wasomaji wapenzi, hayo hatukuyasoma kitabuni. Tuliyalipia kwa fedha yetu wenyewe hapa Kalemie, nasi twapenda kuwasimulia ili ninyi msiingie hasara tuliyoingia sisi. Maana wengi wenu mko katika hali kama ile iliyokuwa yetu: mtumishi aliyehamishwa kabla hajamaliza kazi yake ya kwanza, kijana aliyejenga kabla ya kuoa, mjane aliyerithi nyumba ya mjini naye bado yuko kijijini. Ufunguo mnao, lakini siku ya kuhamia iko mbali. Je, katika siku hizo za katikati, nyumba ile ni ya nani?

KUFULI SI MLINZI

Mwezi wa Oktoba mwaka 2023 tulinunua, sisi na mama wa watoto wetu, nyumba ndogo ya vyumba vinne juu ya kilima, mbali kidogo na ziwa. Fedha ile ilikuwa akiba ya miaka tisa. Wakati huo tulikuwa tukifundisha upande wa Moba, na mwaka wa shule ulikuwa umekwisha anza. Kuwaacha wanafunzi katikati ya mwaka si adabu ya mwalimu. Basi tukakata shauri kuhamia mwezi wa Julai, madarasa yakifungwa.

Kuta za nyumba ile ni za matofali ya udongo yaliyokaushwa juani, zimepakwa saruji kwa nje, na juu kuna mabati, ndiyo manjanja kama wengine wetu wasemavyo. Muuzaji alitupa ufunguo wake. Tukafunga madirisha yote kwa ndani, tukaweka kasha la vitabu vyetu katika chumba kimoja, tukatia kufuli mpya mlango wa mbele, tukaondoka. Hatukumwaga jirani hata mmoja. Twakiri kwamba tulifanya hivyo kwa makusudi: walikuwa hawatujui, nasi tuliogopa kwamba wakipata habari kuwa nyumba ni tupu, wezi nao wataipata.

Huo ulikuwa upumbavu wetu wa kwanza. Jirani ajua nyumba ni tupu hata usipomwambia. Haoni moshi, hasikii mtoto akilia, haoni nguo kambani. Alichokikosa si habari ya kwamba nyumba ni tupu. Alichokikosa ni jina la mtu wa kumwita mambo yakiharibika.

Mvua ya mwaka ule watu wa Kalemie hawataisahau upesi. Ziwa Tanganyika hupokea mito mingi, lakini lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, nao ni mto wetu wa Lukuga. Mvua zikizidi, ziwa hupanda, wala halishuki kwa siku mbili tatu. Mwaka 2024 likapanda hadi kimo ambacho watu hawakukiona tangu miaka ya 1960. Nyumba nyingi za kando ya maji zikaingiwa na ziwa, hapa Kalemie na vivyo hivyo huko Uvira na Bujumbura. Sisi kule Moba tulisikia habari hizo, tukawahurumia wenzetu, na moyoni tukashukuru kwamba nyumba yetu iko kilimani. Tulisahau kwamba maji yana njia mbili za kuingia nyumbani: ya chini, na ya juu.

TULICHOKIKUTA

Baada ya Pasaka ya mwaka ule tukapata siku chache, tukapanda chombo, tukafika Kalemie. Kufuli ilikuwa mahali pake, nzima, imeshika kutu kidogo. Tukafurahi. Lakini nyuma ya nyumba palikuwa na moshi.

Tukazunguka. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa kigodani akichambua ndagala, na watoto wanne wamemzunguka. Alipotuona akainuka, akafuta mikono, akaamkia kwa heshima.

"Karibu, baba. Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Ndiye sisi. Na wewe umeingiaje humu?"

"Baba, usikasirike. Maji yalitutoa kwetu usiku. Mlango wa nyuma hatukuuvunja. Tuliugusa, ukaanguka."

Tukaenda kuutazama. Alisema kweli. Mchwa walikuwa wameula mwimo wa mlango mpaka likabaki ganda tu la rangi. Ukiubonyeza kwa kidole, kidole kinazama. Kufuli yetu ya mbele ilikuwa imelinda nyumba isiyo na mlango wa nyuma, nasi kule Moba tulikuwa tukilala usingizi mzuri.

Ndipo tukaingia kuona vyumba. Katika chumba cha kwanza msumari mmoja wa bati ulikuwa umelegea, upepo ukalifunua bati kiasi cha upana wa kiganja. Maji yakapita hapo miezi kadhaa, yakateremka ndani ya ukuta. Saruji ya nje ilikuwa bado imesimama, lakini nyuma yake matofali yalikuwa yameyeyuka, na ukigonga ukuta unasikia sauti kama ya mtungi. Katika chumba cha pili popo walikuwa wamejaa juu ya dari, na dari imelemewa na uchafu wao ikashuka katikati. Katika chumba cha tatu lilikuwamo kasha la vitabu. Tulilifungua. Majalada yalikuwapo, yamepangwa vizuri kama tulivyoyapanga. Lakini ndani, mahali pa kurasa, palikuwa na udongo. Maandalio ya masomo ya miaka kumi na miwili, yote kwa mkono wetu, yamegeuka chakula cha mchwa.

Kisha tukaingia chumba cha nne, alimolala mama yule na wanawe. Chumba kile kilikuwa kikavu. Dirisha lilikuwa wazi, sakafu imefagiwa. Ukutani zilionekana alama za njia za mchwa, lakini zilikuwa zimekwanguliwa, na chini yake pamemwagwa majivu. Bati lililokuwa likivuja lilikuwa limewekewa sufuria chini yake, na sufuria imemwagwa asubuhi ile.

Tulisimama mlangoni tukiwa na hasira, nayo hasira ilikuwa ikitafuta mtu wa kumwangukia. Lakini macho yalikuwa yakituambia jambo jingine. Nyumba ni ile ile, mvua ni ile ile, mchwa ni wale wale. Vyumba vitatu vilivyofungwa vimeoza. Kimoja kilichoingiliwa na mtu asiye na ruhusa ndicho kilicho hai.

Wakati huo mama mmoja mzee wa nyumba ya pili alikuja akiegemea fimbo yake. Tukamlalamikia.

"Mama, mbona hamkutuita?"

"Tukuite wapi, mwanangu? Tukuite kwa jina gani? Ulikuja ukafunga, ukaenda. Bati lako limepiga kelele tangu Desemba; kila upepo ukivuma twalisikia sote. Kijana wangu alitaka kupanda na nyundo, nikamkataza. Mtu akipanda juu ya nyumba ya mtu asiyemjua, ataitwa nani?"

Hatukuwa na jibu. Naye akaongeza, bila ukali: "Nyumba haikai, mwanangu. Nyumba hukaliwa."

SHAURI TULILOLIFANYA

Jioni ile watu wawili walitushauri tumwondoe yule mama kwa nguvu, maana akizoea atajiita mwenye nyumba. Shauri lenyewe si la upuuzi. Twajua nyumba tupu za mjini zilizoingiwa na watu, na mwishowe kesi ikadumu kuliko nyumba. Lakini tukijiuliza: tukimtoa kesho, nasi keshokutwa twarudi Moba, ni nani atakayefungua madirisha? Tusijisifu, basi. Hatukumwacha kwa wema peke yake. Tulimhitaji yeye kuliko alivyotuhitaji sisi.

Kesho yake asubuhi tukaenda pamoja kwa mkuu wa mtaa. Pakaandikwa karatasi tatu zenye maneno yale yale: kwamba nyumba ni yetu, kwamba mama huyu na watoto wake wakae ndani yake mpaka tarehe 30 Juni 2024 bila kulipa kodi, kwamba kazi yake ni kufungua vyumba vyote, kufagia, kuangalia mchwa na mvua, na kutuarifu kwa simu kila juma. Yeye akatia sahihi, sisi tukatia, mama mzee akawa shahidi, na mkuu wa mtaa akatia mhuri. Kila mmoja akachukua karatasi yake, ya tatu ikabaki kwa mkuu wa mtaa. Kisha tukapita nyumba tatu za jirani, tukajitaja majina na kazi yetu, tukaacha namba ya simu. Ilikuwa kazi ya saa moja, ambayo ingalipasa kufanywa mwezi wa Oktoba.

Tukamwita fundi. Msumari mpya wenye kofia ya mpira bei yake haifiki bei ya chumvi ya juma moja. Ukuta ulioharibiwa na kukosa msumari huo ulitula mishahara ya miezi mitatu. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa wakitunga maneno ya kupendeza. Walikuwa wakipiga hesabu.

WALIOTUTANGULIA

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Kando ya ziwa, kusini ya Kalemie, ndipo palipo na Mpala. Mwaka 1883 Mbelgiji Émile Storms alijenga kituo pale kwa ajili ya Shirika la Kimataifa la Afrika. Ng'ambo ya ziwa, huko Karema, mwenzake Cambier alikuwa amekwisha jenga kingine mwaka 1879. Habari za vita vya Storms zina mahali pake pengine; hapa twatazama nyumba tu. Mwaka 1885 Mfalme Leopold II akavitoa vituo hivyo viwili kwa Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie. Aliyejenga akaondoka, mwingine akaingia.

Nyumba za siku zile zilikuwa za udongo na nyasi. Nyumba ya namna hiyo haivumilii upweke. Moshi wa jikoni ndio ufukuzao wadudu katika nyasi za paa; moto ukizimika mwaka mmoja, paa lageuka chakula. Mpala na Karema hazikurudi kuwa pori kwa sababu walikuwapo watu wa kuzikalia. Mwaka 1887 Kapteni Joubert naye akaja kukaa Mpala, na mahali pale pakaendelea kuwa na moto jikoni.

Na kabla ya hao wote, wazee wetu vijijini walijua hivyo hivyo. Mtu akisafiri muda mrefu humwomba mjukuu au mpwa alale nyumbani kwake. Mtoto hapewi mkuki wa kulinda. Aambiwa tu: washa moto, fagia uwanja. Sisi tuliosoma tumenunua kufuli, tukamsahau mtoto wa kuwasha moto.

YAFAAYO KUFANYWA

Basi, tuyataje kwa utaratibu mambo ambayo mwenye ufunguo yampasa kuyafanya kabla ya kuhamia.

La kwanza ni karatasi. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali, na haki ya mtu juu ya kiwanja huthibitishwa na cheti cha kuandikishwa peke yake. Barua ya mauzo iliyotiwa sahihi nyumbani ni ushahidi wa fedha uliyotoa, lakini si cheti. Nyumba tupu ambayo karatasi zake bado zina jina la mwingine yaweza kuuzwa mara ya pili, nawe uko mbali. Nenda ofisi ya Serikali itunzayo vyeti, uhakikishe jina lililoandikwa, uanze mara moja kazi ya kuandikishwa jina lako. Omba pia stakabadhi za mwisho za maji na umeme, usije ukarithi deni pamoja na nyumba.

La pili ni funguo. Hujui muuzaji aliwapa watu wangapi ufunguo katika miaka yake. Badili vitasa vyote, wa nyuma kabla ya wa mbele, kwa sababu mwizi hapendi kuonwa. Kisha zunguka nyumba yote na daftari: milango mingapi, vioo vingapi, mabati mangapi, bomba zipi. Mali bila daftari huisha bila habari.

La tatu ni paa. Mvua zetu huanza karibu na Oktoba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Bati hupanuka kwa jua la mchana na kusinyaa kwa baridi ya usiku, na hivyo siku kwa siku msumari hulegea. Fundi apande kabla ya mvua ya kwanza, akaze misumari yote, aondoe majani katika mifereji ya paa. Mfereji ulioziba humwaga maji kwenye msingi, na tofali lisilochomwa likilowa hurudi kuwa tope. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, mtu awepo ndani ya nyumba atazame juu. Hakuna fundi aonaye kuvuja siku ya jua.

La nne ni hewa. Madirisha yafunguliwe walau mara moja kwa juma, tangu asubuhi hadi jioni. Unyevu uliofungiwa ndani huzaa ukungu, na ukungu huharibu mbao, nguo na vifua vya watoto watakaokuja kulala humo.

La tano ni mchwa. Mchwa hawapendi mwanga wala ukavu. Ndiyo sababu hujijengea njia za udongo ukutani. Njia hizo ndizo barua zao za kukuarifu. Zikwangue, na juma lifuatalo tazama kama zimejengwa tena. Zikijengwa, fuata mpaka zitokeapo ardhini, upashughulikie hapo. Usiweke ubao, kasha wala karatasi sakafuni au kuegemea ukuta. Panga juu ya mawe, upenyo wa mkono upite nyuma yake. Sisi tungalifanya hivyo, leo tungalikuwa na maandalio yetu.

La sita ni nyufa. Nchi yetu iko katika Bonde la Ufa, na tetemeko si hadithi kwetu. Tarehe 5 Desemba 2005 lilitokea tetemeko la nguvu ya 6.8 chini ya ziwa, na nyumba zikaanguka hapa Kalemie. Ukiona ufa ukutani, chukua kalamu ya risasi, piga mstari mdogo penye ncha zake mbili, andika tarehe. Rudi baada ya mwezi. Ufa usipovuka mstari, umelala; uzibe. Ukivuka, unatembea, mwite mwashi kabla hujaleta kitanda.

La saba ni uwanja. Majani yafyekwe pande zote. Masika huficha nyoka wafuatao panya. Kiangazi, upepo wa kusini-mashariki uvumapo kutoka ziwani, huleta moto wa nyika mpaka mlangoni. Pipa, gurudumu kuukuu na chungu kilichovunjika vimwagwe maji na kupinduliwa, kwa sababu mbu huzaliwa katika maji yaliyosimama kwa muda wa juma moja au mawili tu. Shimo la choo lifunikwe vema, na kisima vivyo hivyo, maana watoto wa jirani hucheza penye uwanja usio na mwenyewe. Nyumba yako tupu isiwe kaburi la mtoto wa mwingine.

La nane, lililo kubwa kuliko yote, ni mtu. Ukiweza kuajiri mlinzi, yaani zamu, mlipe kwa tarehe. Zamu asiyelipwa miezi mitatu hujilipa mwenyewe, na hujilipa kwa vioo na vitasa. Ukiweka ndugu, mwandikieni mapatano kama mngaliandikiana na mgeni: anakaa mpaka lini, analipa nini, anafanya nini. Kuandikiana si kukosa kuaminiana. Karatasi hulinda undugu, kwa sababu baada ya mwaka mmoja kila mtu hukumbuka maneno kwa faida yake. Na usipokuwa na zamu wala ndugu, unao majirani. Nenda uwasalimie, uwaambie jina lako, uwaombe macho yao. Jirani aliyeombwa ni mlinzi; jirani asiyeombwa ni mtazamaji.

TAREHE NI TAREHE

Mwezi wa Julai tukafika na watoto na mizigo. Tuseme kweli: njiani tulikuwa na wasiwasi. Tulijua kwamba maji yalikuwa hayajatoka katika nyumba ya yule mama, nasi tulijua vilevile kwamba tarehe yetu imepita. Je, tungemkuta amekaa, na karatasi imesahauliwa? Na tukimkuta, tungesema nini mbele ya watoto wanane, wake na wetu?

Tulikuta nyumba imefagiwa, madirisha wazi, uwanja umefyekwa. Ufunguo ulikuwa umening'inizwa kwenye msumari nyumbani kwa mama mzee. Yule mama na wanawe walikuwa wamelala siku tano katika jiko la mama huyo, chini ya bati bovu, huku vyumba vyetu vinne viko tupu hatua ishirini kutoka kwao.

"Mbona hukubaki mpaka tuje?" tukamwuliza.

"Tarehe ni tarehe, baba. Niliandika."

Tuliona aibu kuliko siku ile tuliyoona vitabu vimeliwa. Sisi tuliomwogopa kuwa atajiita mwenye nyumba, hatukuwa tumefikiri mahali atakapokwenda akiwa mwaminifu. Twawasihi wasomaji, mkiandika tarehe ya mtu kutoka, andikeni pia mahali atakapokwenda. Jioni ile ile walirudi katika chumba chao cha nne, nasi tukakaa katika vitatu, kwa muda wa wiki sita, mpaka shemeji yake alipompatia kiwanja mbali na maji. Padre alipokuja kubariki nyumba, jamaa mbili zilikuwamo. Tulimpa mama yule miti na mabati yaliyosalia katika matengenezo, na watoto wetu wakubwa walikwenda kumsaidia kukanda udongo.

Siku hizi kuna ufunguo unaning'inia mlangoni petu usio wetu. Ni wa jirani wa upande wa chini, aliyejenga nyumba kisha akahamishwa kwenda Lubumbashi kabla ya kuikalia. Alikuja jioni moja, akakaa, akajitaja jina, akaeleza safari yake. Kila Jumamosi asubuhi binti yetu huchukua ufunguo ule pamoja na ufagio. Hufungua madirisha, hutazama kuta, hupindua ndoo. Akiona njia ya mchwa huikwangua, akirudi hutuambia. Jumamosi iliyopita aliona msumari mmoja wa bati umeanza kulegea, na kijana wa mama mzee akapanda na nyundo.